Sajenti Apimwa DNA

Ijulikane kwa wakazi wote wa Mwanza, wa milimani na wa bondeni, wenye maji ya bomba na wanaoyasubiri, kwamba Bwana Shimba Machibya, fundi majiko wa Mkuyuni, manju wa ngoma ya Wagika, mume wa mke mmoja na baba wa watoto ambao hadi leo hakuna aliyethubutu kuwapima, ndiye mtu wa kwanza katika Kanda ya Ziwa nzima kumfikisha mdudu mbele ya serikali ya mtaa kwa shauri la uzazi. Historia inamtambua. Sayansi inamtambua. Mkewe, Ng'washi, anasema wangeanza kwa kulitambua paa linalovuja.

Shimba amefikia umri ule ambao mtu huitwa mzee na wanaotaka punguzo, na huitwa kijana na wanaotaka awasaidie kubeba. Siku za kazi yupo bandani kwake Mkuyuni, anagonga bati mpaka majirani wanazungumza kwa kufuata mdundo wake. Anakunja, anatoboa, anapaka udongo ndani, jiko linatoka. Lakini mavuno yakishaingia ghalani na msimu wa ngoma ukifunguka, fundi majiko anatoweka na mahali pake anasimama manju: mtunzi wa nyimbo, mwimbishaji, mkuu wa kundi zima, njuga miguuni na manyoya ya mbuni kichwani, mtu ambaye hata wanaomdai jiko humwamkia kwanza.

Kwa asiyejua mambo ya huku, ngoma zetu hazina majaji wala alama. Makundi mawili, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, yanapiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Jua likizama, wenye watu wengi wameshinda. Wenye wachache wanafungasha ngoma zao wakijifanya walikuwa wanafanya mazoezi. Ndiyo maana kila manju hutafuta mnyama wa kuvuta macho: chatu, nungunungu, hata fisi kama kuna mtu mwenye roho hiyo.

Na kwenye wanyama ndipo Shimba alipokuwa ameoza. Manju wa Wagalu alikuwa Masele wa Usagara, ambaye kwa bahati mbaya ndiye kaka wa kuzaliwa wa Ng'washi. Masele ana chatu mnene kama mto wa kulalia, anamvaa shingoni kama mtu aliyetoka kuoga. Shimba alijaribu kenge. Kenge akalala katikati ya wimbo wa kwanza na akaamshwa na mvua. Akajaribu bata mzinga. Bata mzinga akamfukuza mgeni rasmi. Mwaka jana alimleta korongo, wale majitu wenye vipara wanaosimama majalalani kama mahakimu waliostaafu. Korongo alitazama watu wa Wagika, akatazama watu wa Wagalu, akanusa vichwa vya sangara vilivyokuwa vinakaangwa upande wa pili, akahama. Aliondoka kwa miguu, hakuruka hata hatua moja, ili kila mtu amwone.

Baada ya hapo Wagika waliketi kikao. Wakasema kwa upole, ule upole wa watu waliokwisha kukubaliana kabla hujafika, kwamba Shimba apewe msimu mmoja zaidi. Akishindwa tena, umanju unakwenda kwa Alexander, kijana anayepiga kinanda kwenye maharusi, ambaye alikuwa na mpango wa kuleta spika.

"Ngoma ya kuchomeka kwenye umeme," Shimba alimwambia mkewe siku hiyo.

"Na umeme ukikatika?"

"Ndicho nilichowauliza. Wamesema kuna jenereta."

Ng'washi alimwona mumewe anagonga bati siku nzima bila kutengeneza chochote.

Sasa, udongo wa majiko Shimba huuchimba mtoni. Mto wenyewe huko juu, Usagara, una jina la heshima na watu huutaja wakiapa. Ukishuka mpaka Mkuyuni watu wanauita mtaro. Hapo kwenye kingo, asubuhi moja, Shimba alizamisha mkono kwenye shimo ili avute bonge la udongo, na bonge likamfinya.

Alichokitoa kilikuwa kama ng'e aliyejiunga na jeshi. Magamba mwili mzima, sharubu ndefu, mikasi miwili mbele, mkia wa kukunja kama feni, na madoadoa mgongoni mithili ya sakafu ya benki. Shimba alikitupa majanini akasema maneno ambayo Wakristo hawasemi. Ndipo kile kidude kikageuka kumtazama, kikainua mikasi yote miwili juu, kifua mbele, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.

Shimba alisahau kidole chake. Mikono juu, kifua mbele, kichwa upande: ndivyo Mgika anavyoingia uwanjani. Vijana wake aliwafundisha mkao huo miaka nenda rudi na bado walisimama kama watu wanaoanika nguo.

Akampa jina hapohapo: Sajenti.

"Hicho ni nini?" Ng'washi aliuliza alipomkuta kwenye beseni.

"Dume."

"Nimeuliza ni nini. Jinsia sijauliza."

"Ni mchezaji."

"Na mchezaji wako hana pengine pa kukaa isipokuwa beseni langu la kuogea."

"Mama Suzana, ukoo mzima wa Wagika unamtegemea huyu."

"Basi ukoo mzima uninunulie beseni."

Mazoezi yakaanza. Shimba akigonga bati karibu na beseni, Sajenti anainua mikasi. Akigonga tena, anainua tena. Mtu mwenye roho mbaya angesema mdudu alikuwa anatishika na kujihami. Shimba alisema ana sikio.

Tatizo lilikuwa umbo. Sajenti alikuwa na urefu wa kiganja, na mtazamaji wa mstari wa nyuma angeona beseni tu, na beseni kila mtu analo nyumbani. Hapa ufundi ulisaidia. Shimba alipata lile dumu kubwa linaloonyesha ndani, la maji ya kunywa, la maofisini, linalokaa kichwa chini. Akalikata kitako, akaziba mdomo kwa gunzi la muhindi, akalisimamisha juu ya fremu ya bati. Alipomtia Sajenti ndani na kujaza maji, yule mdudu alivimba machoni akawa mkubwa kama pua ya mtu anayekusemesha kwa karibu. Wazee wa Wagika walioitwa kumtazama walirudi nyuma hatua. Hata Alexander aliishia kuuliza kama dumu lingeweza kuwekewa taa.

Kwa muda wa wiki kadhaa Shimba alikuwa na furaha kamili. Furaha hiyo iliharibiwa na mkewe, aliyekuwa akibadilisha maji.

"Sajenti wako ana mimba."

"Ameshiba."

"Ameshiba mayai? Njoo uone chini ya mkia. Yamejipanga kama shanga."

Shimba alikuja, akaona. Akakaa kwenye kigoda. Halafu akageuka akautazama mlango, kama vile mhusika alikuwa ametoka sasa hivi.

"Nani ameingia humu?"

"Shimba."

"Nauliza tu. Huyu alikuwa peke yake kwenye beseni tangu siku ya kwanza."

"Wanawake wote huwa wanasema hivyo," Ng'washi akajibu, akamwaga maji.

Sajenti, kwa hiyo, alikuwa mama. Shimba alikataa kumbadilisha jina, akasema jeshini siku hizi wapo masajenti wa kike. Watoto walipoanguliwa walikuwa wengi kiasi kwamba beseni lilionekana kama linachemka. Walijaa kwenye sufuria, kwenye ndoo, kwenye jiko jipya la mteja ambalo Shimba alilijaza maji. Ng'washi aliwakuta mpaka kwenye kandambili. Lakini baba hakuonekana, wala hakuna aliyejitokeza.

Baadhi ya watoto walipokuwa wamemfikia mama kwa ukubwa, habari ikashuka kutoka Usagara: Masele naye ana mdudu. Ana mikasi, ana sharubu, na anainua mikono.

Shimba hakumaliza hata jiko aliloshika. Alifika kwa shemeji yake akiwa na nyundo mkononi, jambo ambalo baadaye alieleza kuwa ni la kusahau tu. Masele alikuwa uani, mwili mkubwa, uso wa mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Mbele yake karai, na ndani ya karai Sajenti mtupu.

"Karibu shemeji," Masele alisema. "Umekuja kumwona mchezaji wetu? Na nyundo?"

"Huyo ni wa kwangu."

"Huyu nimemtoa mtoni hapo chini, kwa mikono yangu."

"Mto huo unapita kwangu."

"Unaanzia kwangu, shemeji. Kwako unafika tu umechoka."

"Masele, mimi nina watoto wa Sajenti nyumba nzima, na huyo ni mmoja wao. Dada yako alikuja hapa juzi na kikapu. Kulikuwa na nini ndani ya kikapu?"

"Michembe. Viazi vya kukausha."

"Na chini ya michembe?"

"Michembe mingine. Sisi tunapendana, si kama kwenu mnapeana kimoja kimoja."

Shimba aliporudi nyumbani alimuuliza Ng'washi. Ng'washi akasema alimpelekea kaka yake michembe, na kama mumewe anataka kumpekua, aanze na kandambili. Usiku huo Shimba alijipakulia ugali mwenyewe.

Shauri likapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Nestory, mtu mfupi mwenye kipaza sauti cha mkononi ambacho alikitumia hata kuwasalimia waliokaa mbele yake. Madai ya Shimba, kwamba mtoto wa Sajenti ameibwa, yalikuwa mazito. Kwenye ngoma, kumwibia manju mnyama ni sawa na kumwibia wimbo, na mwizi akithibitika, kundi lake haliingii uwanjani msimu ule. Wagika walijaa upande mmoja wa ofisi, Wagalu upande mwingine, na katikati walikuwemo wale wasio na upande, waliokuja kwa sababu siku hiyo hapakuwa na msiba.

"Sajenti wangu ana alama," Shimba alieleza. "Mgongoni ana doa lenye umbo la kisiwa cha Ukerewe. Mtu yeyote aliyepanda meli analitambua."

"Wangu ana Ukerewe," Masele akasema.

"Ukerewe ya wapi?"

"Ya mgongoni."

Nestory, akitaka kuonyesha haki inatendeka hadharani, aliagiza wadudu wote wawili watiwe kwenye karai moja ili wananchi walinganishe. Wananchi walilinganisha. Waliinama mmoja mmoja, wakaona Ukerewe kwa huyu, wakaona Ukerewe kwa yule, na mama mmoja Mkerewe akaonyesha hadi nyumbani kwao. Walipomaliza, Nestory akasema kila mwenye mdudu amchukue wake.

Shimba alimtazama Masele, Masele akalitazama karai.

"Wangu ni huyu," Masele alisema, bila nguvu.

"Una uhakika?"

"Au huyo."

Shimba aliinama juu ya karai. Akaita kwa sauti ya chini, ile ya mazoezi. "Sajenti." Wadudu wote wawili wakainua mikasi.

Hapo ndipo mwenyekiti aliposimama, akaweka kipaza sauti mdomoni, na kutamka maneno ambayo mtaa ule ulikuwa unayangoja kwa hamu tangu mengine ya aina hiyo yalipovunja nyumba fulani ambayo haitatajwa. "Hawa," alisema, "wapimwe DNA."

Aliyeletwa alikuwa msichana wa watu aitwaye Noela, ambaye kwa miezi alikuwa akionekana mtoni na gambuti na vichupa, na mtaa ulikuwa umegawanyika kama anatafuta dhahabu au ana matatizo. Alikuwa Mhaya kutoka Bukoba, binti wa mwalimu Byabato mstaafu, na yuko chuo akisomea viumbe vya majini.

"Dokta, karibu," Nestory alisema kwenye kipaza sauti.

"Shikamoo, mwenyekiti. Bado sijawa dokta."

"Marahaba. Wewe ni Mhaya, utakuwa tu. Hili ni suala la muda."

Noela alipotazama ndani ya karai uso wake ulibadilika. "Hawa mmewatoa wapi?"

"Ndiyo kesi yenyewe," Shimba na Masele walisema kwa pamoja, mara ya kwanza kukubaliana tangu harusi.

Akawaeleza, akiwa amechuchumaa. Huyu ni kamba wa mtoni, lakini si wa hapa. Ni mgeni, ametoka mbali, ameingia mtoni bila kuitwa na sasa anakula mayai ya samaki na kutoboa kingo. Kazi yake yeye Noela ni kujua utofauti wa vinasaba vyao: je, wameingia mara nyingi kutoka sehemu nyingi, au waliingia mara moja tu?

"Yaani unauliza wako koo ngapi," Shimba alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni karibu na hivyo."

"Sisi huwa tunaanza kwa kumuuliza baba yake."

"Na sisi tungependa sana kumpata," Noela alisema, akatoa kimkasi.

Alieleza kwamba anahitaji ncha ya mguu. Shimba aliinuka kama aliyemwagiwa maji. Akauliza mchezaji atachezaje bila mguu. Noela akamwambia anayo mingine mingi, na huu utaota upya. Shimba akauliza kama hakuna namna ya kutumia mate, kama kwa watu. Mwishowe akakubali, lakini kwa sharti kwamba atakatwa wa Masele kwanza.

"Na wa Masele ni yupi?" Noela akauliza.

Wakakatwa wote wawili. Nestory akaamuru kila upande umchukue mmoja, umtunze vizuri na usimpe jina jipya mpaka majibu yatoke. Shimba alimchagua wa kushoto. Njia nzima alikuwa akimchungulia, na kila alipochungulia alimwona kama Sajenti, halafu kama shemeji.

Majibu yalichelewa. Noela alipanda na kushuka mto, Usagara hadi mdomo wa ziwa, akikusanya vijiguu kutoka kila dimbwi, na nyuma yake mtaa ukawaka. Kwenye kijiwe cha kahawa watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga uwanja wa ngoma walijadili uzazi wa kamba kwa ukali. Baadhi ya akina baba walianza kusema, bila kuulizwa, kwamba hizi DNA nazo huwa zinakosea sana. Shimba hakuwa na raha. Kama majibu yangeonyesha kwamba wa Masele ni mtoto wa Sajenti, Wagalu wangekaa nje na umanju wake ungesalimika. Kama si mtoto wake, basi atapambana na chatu na kamba kwa mpigo mmoja, na Alexander alikuwa tayari ameshaulizia bei ya kukodi spika.

Siku ya ngoma ikafika kabla ya majibu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, uwanja wa wazi nje kidogo ya Usagara. Shimba alilileta dumu lake limefungwa nyuma ya baiskeli, limefunikwa kwa khanga ya Ng'washi. Alipolifunua, watu walimiminika. Watoto walibebwa mabegani, watu wazima wakasukumana, mtu akasema huyo ndiye aliyekatwa mguu, wakamhurumia. Ngoma zikaingia, Shimba akatoa wimbo, Sajenti akainua mikasi, uwanja ukanguruma. Kwa muda wa wimbo mmoja na nusu Shimba alikuwa mfalme.

Kisha mtu akapiga kelele kutoka upande wa pili kwamba huku naye yupo, tena na chatu.

Watu walikwenda kuhakikisha. Wakakuta kweli: kamba yuleyule kwenye sanduku la kioo, na juu yake Masele, kavaa chatu. Hawakurudi. Shimba aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaruka, akapiga magoti, akamwimbia Masele tusi moja zuri sana kuhusu masikio yake ambalo halikuwa na wa kulisikia. Mbele yake walibaki Ng'washi, wazee wawili wasioweza kutembea, na mtu mmoja aliyelala tangu asubuhi. Ndani ya dumu Sajenti naye alichoka. Akateremka mpaka kwenye gunzi, akawageuzia mkia. Pembeni alisimama Alexander, waya umeviringishwa begani.

"Manju," Alexander alisema kwa heshima, "ukimaliza huo wimbo utaniambia."

"Nina nyimbo nyingi."

"Nakusikia, mzee. Nasubiri."

Jua lilikuwa limeegemea upande. Hapo ndipo Noela alipoonekana, anatembea haraka kuelekea alipokaa mwenyekiti, chini ya mwavuli, upande wa Wagika kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na viti vitupu. Alimwinamia sikioni. Alichotaka ni kumwambia kistaarabu, faraghani, ili wapange siku ya kikao.

Nestory akachukua kipaza sauti. "Majibu ya DNA," alisema, "yametoka."

Ngoma za Wagalu zilikatika moja baada ya nyingine. Mkaanga samaki akashusha karai. Halafu uwanja mzima, kama beseni lililoinamishwa, ukamiminika upande wa Shimba. Walikuja wanawake wakifunga khanga vizuri, walikuja akina baba kwa shingo upande, walikuja wapiga ngoma wa Wagalu na ngoma zao zikiwaning'inia shingoni. Mwisho akaja Masele mwenyewe, akimkabidhi chatu kwa jamaa mmoja ambaye hakuwahi kuulizwa kama anataka.

"Mimi ni mhusika," alisema, akisukuma watu. "Nipisheni. Mimi ni mhusika."

"Hili ni jambo la kitaalamu," Noela alisema, akiwatazama. "Ningependa tukae ofisini."

"Mwanangu, sema hapahapa," Ng'washi akamwambia. "Tumeshavaa."

Noela akasema amepima kamba wa mto mzima, kuanzia Usagara hadi ziwani, pamoja na hawa wawili. Akasema alitegemea kukuta tofauti, hata ndogo. Hakuna. Wote ni majike. Wote wametokana na jike mmoja, ambaye pengine mtu alikuwa anamfuga kwenye kioo nyumbani, akamchoka, akammwaga. Kamba hawa huzaa bila dume, na kila mtoto ni mama yake aliyerudiwa.

"Baba ni nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hayupo."

"Amekataa?"

"Hajawahi kuwepo."

Vigelegele vilipasuka kutoka upande wa akina mama kiasi kwamba chatu alisikika akiangushwa. Mzee mmoja akasema huo ni uongo wa Wahaya. Mwingine akauliza kama jambo hilo linaambukiza. Noela alijaribu kuwaeleza kuhusu mayai ya samaki, kwamba kamba mmoja tu akidondoka dimbwini anatosha kujaza dimbwi, kwamba hakuna ruhusa kumtupa hata mtoto wake ziwani, na walimsikiliza kwa adabu kama watu wanavyosikiliza matangazo kabla ya taarifa ya habari.

Shimba alisogea mbele, njuga zinalia kila hatua. "Binti yangu. Wa kwangu ni yupi?"

"Mzee, kwa vinasaba, wote."

"Na wa Masele?"

"Wote pia."

"Kwa hiyo sikuiba," Masele akasema.

"Sayansi haiwezi kusema kama uliiba."

"Nilipeleka michembe," Ng'washi alisema, kwa faida ya umma.

Shimba alisimama hapo, kesi yake imekufa mikononi. Alimtazama Sajenti kwenye dumu, mnyama wake wa pekee, ambaye mto mzima ulikuwa umejaa yeye. Alipofungua mdomo hakuwa na nia ya kushinda chochote. Manju akipigwa na jambo huimba, kama wengine wanavyokohoa. Akaanza taratibu: mama mmoja, baba hayupo, mto mzima ni mtu mmoja, shemeji unamwibia nani. Wagika wakaitikia. Wimbo ulikuwa mwepesi, mbaya kidogo, na ulimhusu kila mtu. Wapiga ngoma wa Wagalu, ambao ngoma zilikuwa shingoni mwao na mikono haina kazi, walijikuta wamedakia. Watu wakaanza kucheza mikono juu, kifua mbele, kichwa upande. Sajenti akapanda kutoka kwenye gunzi, akainua mikasi. Na jua, ambalo halimsubiri mtu kumaliza ubeti, likazama.

"Hiyo haihesabiwi," Masele alisema, jasho linamtoka, bado anacheza. "Sisi tulikuja kusikiliza majibu."

Mzee mmoja kati ya wale wawili wasioweza kutembea akamuuliza, "Jua lilipozama, miguu yenu ilikuwa wapi?"

Masele alitazama chini, akaiona. Upande wa Wagalu kulikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa amelaliwa na chatu.

Alexander aliukunjua waya wa begani, akauviringa tena vizuri zaidi, akaenda kununua samaki. Noela alikuja na ndoo yenye kifuniko kuwachukua kamba wote wawili, na kesho yake angewafuata wale wa kwenye sufuria na majiko. Alitegemea ugomvi. Shimba alilichomoa gunzi mwenyewe, maji na mchezaji vikashuka ndani ya ndoo.

"Pole, mzee. Najua ulimpenda."

"Hamna neno. Wabeja, asante. Wa Masele naye mfunike vizuri, ana tabia ya kupanda."

Nestory alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti. Kwa kipaza sauti alitangaza kwamba Wagika wameshinda kwa umati ambao haujawahi kuonekana, ushindi ambamo hata mshindwa alihesabiwa miongoni mwa watazamaji. Alisema Shimba Machibya ni manju, na atabaki kuwa manju mpaka achoke mwenyewe. Alisema huyu ndiye aliyeshika ngoma kwa mkono mmoja na sayansi kwa mkono mwingine, kwamba vyuo vikuu vitamtaja, na kwamba vizazi vijavyo vya binadamu, vyenye baba na visivyo na baba, vitauliza alikuwa mtu wa namna gani. Akateremka, akakiweka kipaza sauti mdomoni mwa Shimba. Uwanja ukatulia kabisa.

"Manju," alisema, "neno kwa taifa."

Shimba alikuwa ameinama, anafungua njuga.

"Mwakani tutumie mbuzi," alisema.